Kusaka Kopo Katika Kijiji cha Korona

Watu wengi wanaokuja Tanga hupelekwa mapango ya Amboni, hukaa Raskazone kupunga upepo, hula samaki, kisha hurudi kwao wakijisifu kwamba Tanga wameimaliza. Mkonge huuona kwa dirisha la basi: mistari iliyonyooka inayozunguka kadiri gari linavyokwenda, na huko nyuma yake mabati yaliyoiva kutu ambayo hakuna abiria anayeuliza ni ya nini. Safari hii nilikwenda kuyauliza.

Niliyauliza kwa njia ya mchezo. Mwezi Mei mwaka 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake za GPS, na kifaa ambacho hadi jana yake kiliweza kumpoteza raia kwa mita mia moja kikaanza kumfikisha karibu na mlango. Siku moja baadaye mtu aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo kwenye pori la Oregon, ndani yake mna vitu mchanganyiko pamoja na kopo la maharage, akatangaza nambari za mahali hapo na kuwaambia wenzake waende wakaisake. Mchezo ukaenea dunia nzima, na masharti yake ni mepesi: usichimbe, usivunje, ukikuta andika jina lako kwenye daftari lililomo, ukichukua kitu acha kingine cha thamani ileile, kisha rudisha kopo kama ulivyolikuta.

Mpwa wangu anafundisha jiografia katika sekondari moja ya Tanga. Mchezo huu ameugeuza somo kwa ajili ya wanafunzi wake, akaficha makopo ya maziwa ya unga kuanzia mjini hadi Pangani, kila moja limezungushiwa kamba ya katani. Kwenye yale masharti ya kimataifa ameongeza lake: marufuku kusaka penye nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Alinikabidhi orodha ya nukta pamoja na kadi ya manila yenye vyumba thelathini. Nikamuuliza mbona vyumba thelathini na makopo hayafiki hata kumi. "Utaelezwa mbele ya safari, mjomba," akasema, akarudi kusahihisha madaftari yake.

Tanga mjini

Nukta ya kwanza iliangukia jirani na stesheni ya reli, na mahali pa kuanzia pasingekuwa pengine. Wajerumani walianza kuitandika reli ya Usambara mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo miaka mitatu baadaye, na Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910. Iliyoishibisha reli hiyo kwa miongo ni marobota ya mkonge yakishuka bandarini. Reli hiyohiyo ndiyo iliyoamua vita vya Novemba 1914: jeshi la Uingereza lililotoka India, askari wapatao 8,000, liliteremka Raskazone, na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akawaleta wake kwa treni kutoka Moshi, watu kama elfu moja hivi. Waingereza walirudi melini mwao. Nyuki nao walishiriki, waliwauma wa pande zote mbili, ila sifa wamepewa za upande mmoja.

Simu ilinifikisha penye mti, ikaanza kuyumba: hatua nane kushoto, hatua sita kulia, tena nane. Chini ya mti palikuwa na benchi na muuza kahawa, mzee mwenye kanzu iliyokunjwa mikono, na wanywaji watatu walionitazama nikizunguka na simu mkononi bila kuwasalimu. Nilipotoa salamu na kukaa, vikombe viwili vya kahawa chungu na kipande cha kashata baadaye, mzee aliuingiza mkono chini ya deli lake, akatoa kopo. Yeye ndiye mlinzi. Akanipigia muhuri wa kizibo cha chupa kwenye chumba cha kwanza cha kadi.

Ngamiani ilinirahisishia kazi, maana huo ni mji uliozoea kutafutwa kwa namba. Mitaa yake haina majina ya watu wakubwa, ni barabara ya ngapi tu, na mtu akikwambia kwao ni barabara ya kumi na mbili umekwisha kufika nusu. Huko nililishwa bada, ugali wa makopa ya muhogo ambao Wadigo wanausonga hadi ukang'aa, kwa mchuzi wa papa aliyekaushwa na ukwaju uliokolea. Mgeni wa bara huuona mweusi kidogo akasita. Asisite.

Mama mwenye mgahawa alikuwa na redio, na redio ilikuwa na zilipendwa. Nikakumbuka kwamba Jamhuri Jazz, iliyolitangaza jina la Tanga kila penye redio, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Wanyamwezi wamefikaje kupiga gitaa pwani? Jibu lake lilikuwa mashambani, na huko ndiko orodha ilikonielekeza asubuhi.

Ngomeni

Kati ya Pongwe na Muheza kuna Ngomeni, na pembeni yake Mlingano, kituo cha utafiti wa mkonge tangu miaka ya 1930. Hapo ndipo ilipozalishwa chotara namba 11648, mmea wenye majani mengi kuliko mkonge wa asili, ambao baadaye ulivuka mipaka na kupandwa mbali na Tanga. Ni ajabu kwamba mmea uliobadilisha uchumi wa mabara haukupewa jina, umebaki na namba kama mfungwa.

Kopo la hapa lilikuwa kando ya njia, chini ya mkonge uliotoa mlingoti. Wasioujua mkonge hudhani ile nguzo ni mti mwingine ulioota katikati. Mmea huishi miaka minane, kumi, hata kumi na miwili ukikatwa majani ya chini awamu kwa awamu, mpaka siku moja unaamua kuzaa: unasimamisha mlingoti wa mita tano au sita, unatoa maua, unaangusha watoto wadogo waliokwisha kuwa na majani na mizizi, kisha mama anakufa. Watoto hao ndio hupandwa kitaluni. Milingoti mikavu huezekea vibanda na kujengea mazizi, na Muheza nzima utaikuta kwenye nyua. Nilichukua koponi shanga moja ya bluu, nikaacha sarafu ya zamani ya senti hamsini yenye sungura.

Muheza penyewe nilipita tu. Ulikuwa msimu wa machungwa, na mtu hawezi kupita Muheza msimu wa machungwa bila kushuka na mfuko.

Hale

Digrii 5 na dakika 18 kusini, digrii 38 na dakika 36 mashariki. Kabla simu haijasema umefika, pua imekwisha kusema. Harufu ya mkonge unaokwanguliwa ni kali na chachu, inashika kooni, na nguo uliyovaa siku hiyo itaikumbuka hata baada ya kufuliwa. Kisha masikio: mlio mzito wa ngoma za chuma unaopanda na kushuka. Hiyo ndiyo korona. Nasema korona ile ya Tanga, iliyokuwako vizazi vingi kabla ya ugonjwa wa mwaka 2020 kuja kuliharibia jina.

Kijiji kimezaliwa kwa ajili ya mtambo huu, na ramani yake bado inautii. Katikati korona, kando yake nyaya za kuanikia, kisha ghala, ofisi, zahanati, nyumba za wakubwa juu ya kilima penye upepo, na kambi za wafanyakazi chini penye mbu. Nyumba za kambi zimejipanga kama mkonge wenyewe, mistari. Aliyezichora hakuwa na haja ya kujua nani atalala wapi.

Msimamizi mmoja, baada ya mazungumzo mafupi pale getini, alinipitisha ndani akiniwekea masharti mawili: nisiguse mnyororo na nisisimame penye maji. Kwa hiyo nilisimama pakavu nikatazama. Majani yanakuja kwa trekta yakiwa yamefungwa mafungu ya majani thelathini. Watu wanayafungua na kuyatandaza juu ya mnyororo, kulala kwa upana, unene wote upande mmoja. Kamba nene zinalibana kila jani katikati na kuliburuta hadi kwenye ngoma ya kwanza, yenye visu butu vinavyozunguka kwa kasi, ambayo inakwangua nusu moja ya jani hadi inabaki nywele tupu. Hapo kamba nyingine zinalipokea jani kwa ile nusu iliyokwisha kusafishwa, na ngoma ya pili inamaliza upande uliobaki. Maji yanamwagika muda wote. Upande huu linaingia jani la kijani zito, nene, lenye mwiba. Upande ule inatoka singa nyeupe yenye kuteleza, imejaa maji, nyepesi hata mtu akashangaa uzito umekwenda wapi. Umekwenda mferejini: katika kila kilo mia za majani, singa haifiki kilo tano. Mengine yote ni maji na makapi, na kwa miongo yalimwagwa tu, hadi ulipojengwa hapa Hale mtambo wa kugeuza taka hizo kuwa gesi na umeme.

Nje, wanawake walikuwa wakianika. Kila mmoja alichukua fumba la singa mbichi, akalipiga mtikiso mmoja wa mikono miwili, likafunguka, akalitundika juu ya waya na kulichana kwa vidole kabla hajageukia jingine. Nyaya kwa nyaya, mamia ya hatua, singa zikipepea juani. Nilijaribu kumhoji mmoja wao juu ya ule mtikiso, akacheka, akaniambia mkono ndio unaojua. Zikikauka hupigwa brashi, hupangwa madaraja kwa urefu na weupe, kisha hushindiliwa marobota ya kilo 250.

Nukta ya kopo haikuwa kiwandani. Karatasi ilisema litafute pale reli ilipokuwa mlango. Zamani majani hayakuja kwa trekta; kila shamba kubwa lilikuwa na reli yake nyembamba na troli zilizosukumwa au kuvutwa na kichwa kidogo, na mistari hiyo ikaingia shambani kama mishipa. Reli zimeng'olewa. Lakini chuma cha aina ile hakitupwi. Nilikiona kimekuwa nguzo za geti, kizingiti cha duka, kichanja cha vyombo, kengele ya shule inayopigwa kwa nondo. Watoto waliokuwa wakinifuata walikwisha kuujua mchezo kuliko mimi. Walinyamaza kwa adabu kila nilipokwenda upande usio wenyewe, na kucheka kila nilipokaribia.

Simu ilinipeleka mbele ya nyumba ya mwisho ya kambi, ikasema nimefika. Juu ya mlango, badala ya boriti, palikuwa na kipande cha reli. Nilipiga hodi.

"Karibu ndani, mwanangu. Unatafuta kopo?"

"Shikamoo, babu. Ndiyo, natafuta kopo."

"Marahaba. Kopo halikimbii. Kaa."

Nilikaa. Baba yake alitoka Kasulu, kijana asiye na mke, akaletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoundwa mwaka 1944 kukusanya vibarua kutoka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, wengine kutoka ng'ambo ya mipaka, Msumbiji, Rwanda, Burundi. Manamba. Walisafirishwa kwa malori na treni, wakapewa blanketi, wakapangiwa kambi. Mkataba ukiisha mtu alirudishwa kwao, na wengi walirudi. Baba yake alifunga safari ya kurudi, akafika Korogwe, akageuza. Mzee hakueleza kwa nini, nami sikuuliza.

Ndipo aliponiomba ile kadi ya manila. Akaipeleka mbali na macho, akacheka kwa sauti. "Huyu mwalimu ni mtundu. Hiki ni kipande." Kisha akanieleza nilichotakiwa kuelezwa. Vyumba thelathini ni siku thelathini za kazi, si za kalenda. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, mnyapara anatia alama chumba kimoja. Hukumaliza, chumba kinabaki kitupu, hata kama umekata tangu alfajiri na mwiba wa mkonge umekuchoma jichoni. Mshahara ni mpaka vyumba vijae. Mtu mgonjwa kipande chake kilichukua miezi. "Mwezi wa mkonge," mzee alisema, "haukuwa na mwandamo." Alisimama, akaingia ndani, akarudi na kopo lililokuwa chini ya kitanda chake. Nikaandika jina langu chini ya majina ya wanafunzi. Muhuri wa hapa ulikuwa dole gumba la mzee kwenye wino wa bluu.

Mambo hayo hayakupita kimya. Miaka ya mwisho ya 1950 mashamba ya mkonge yalijaa migomo, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kikawa na nguvu ambayo hata serikali ya baada ya uhuru haikuistahimili: mwaka 1963 kiongozi wake Victor Mkello alihamishiwa kwa amri Sumbawanga, mbali na kila korona. Mwaka uliofuata nchi ilivuna mkonge kuliko wakati wowote, tani zipatazo 230,000, ikiongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimeshuka hadi karibu tani 20,000. Ukikaa kijiweni Hale utasikia kwamba kilichoua mkonge ni kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Mimi naona hadithi hiyo ni nusu. Kamba ya plastiki ilikuwa imekwisha kuingia mashamba ya Ulaya na Marekani, ambako ndiko katani ilikokuwa ikifungia majani makavu ya mifugo, na bei ilikwisha kuporomoka kabla Azimio la Arusha halijakauka wino. Usimamizi mbovu ukamalizia. Siku hizi mashamba ya Hale, Ngombezi, Magunga, Mwelya na Magoma yanalimwa na wakulima wadogo chini ya vyama vyao vya ushirika, na mjukuu wa manamba anaweza kuwa na ekari zake mwenyewe pale babu alipokuwa akipimiwa kazi. Nilipomuuliza mzee kama hiyo ni nafuu, alisema nimuulize siku ya malipo.

Jioni nilishuka mtoni. Ruvu, au Pangani kama ramani zinavyouita, unaporomoka hapa kuelekea pwani, na umeme wa Hale, megawati 21, umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1964. Nililala usingizi mzito, ile harufu ikiwa imelala na mimi.

Pangani na Kikogwe

Kutoka Muheza kwenda Pangani njia inashuka polepole, michungwa inawaachia minazi, na ghafla upepo una chumvi. Pangani ni mji ambao ulikuwa mkubwa kisha ukaona haya. Milango ya kuchonga imesimama kwenye nyumba zisizo na paa, boma linazeeka kwa heshima, na ukingo wa mto vijana wanapakia madafu. Ilikuwa hapa, mwaka 1888, ambapo ofisa wa kampuni ya Kijerumani, Zelewski, aliyeitwa Nyundo, alipandisha bendera na kuwasha vita vya pwani nzima. Na hapa, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim aliponyongwa.

Watu husahau kwamba Pangani ilikuwa mji wa viwanda kabla ya Mjerumani. Katika karne ya 19 bonde la mto lilikuwa mashamba ya miwa, na kandokando yake vinu vya kukamulia sukari, kazi yote ikifanywa na watumwa. Waliotoroka kutoka mashamba hayo katika miaka ya 1870 walijenga makazi yao upande wa kusini wa mto, wakajilinda. Kopo la Pangani, chini ya ulinzi wa mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kivuko, lilikuwa na karatasi yenye swali moja: kabla ya mkonge walikamua nini? Mama alinisikiliza jibu langu, akanisahihisha aina ya miwa, akanipigia muhuri wa ukoko wa kitumbua. Alama ya mafuta haijatoka kwenye kadi mpaka leo.

Kivuko kinakupeleka Bweni kwa dakika chache, huku nguzo za daraja jipya zikionekana. Kutoka hapo, mkonge tena, safari hii hadi karibu na bahari. Ni sura ambayo sijaiona kwingine, mmea wa ukame umejipanga safu kwa safu na nyuma yake mistari ya minazi na maji ya kijani. Hapa Kikogwe ndipo mambo yote yalipoanzia. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa ileile kampuni ya Kijerumani, DOAG, alitaka mkonge wa Yucatán, lakini Mexico ilikuwa ikiulinda mmea wake. Akaagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Wako wanaosimulia kwamba iliingizwa kwa magendo ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, na hadithi hiyo nimeisikia tena kwenye kivuko kwa viapo. Mamba au bila mamba, iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62. Hiyo ndiyo iliyopandwa hapa, na kutokana nayo yakatoka mashamba ya Muheza, Korogwe, Morogoro, na yale ya Kenya.

Kopo lilikuwa na ulinzi wa kijana mchungaji wa mbuzi, na ndani yake nilikuta mtoto wa mkonge aliyefungwa kwenye gazeti. Nikahesabu: wa sitini na tatu. Mpwa wangu hupenda utani wa aina hiyo. Nilimwachia mchungaji shanga ya bluu, naye akaipima machoni akisema si thamani ileile. Tukamalizana kwa machungwa matatu ya Muheza.

Kigombe, Tongoni, Machui

Njia ya pwani kurudi Tanga inapita Kigombe, kijiji cha wavuvi chenye mkonge mgongoni mwake, ambapo nyavu zimewahi kupandisha silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madainosaria. Hifadhi ya bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili yake. Nilikula changu wa kupaka, nikaendelea.

Tongoni hakuna kopo. Mpwa wangu alikataa kuficha chochote penye makaburi, akaweka swali badala yake: simama mbele ya nguzo, useme nini kimepungua. Ni msikiti wa matumbawe wa karne ya 14 au ya 15 na makaburi mengi ya nguzo kuuzunguka, nguzo nyingi zimeanguka, mibuyu imesimama mahali pake. Jibu ni vile vishimo vya mviringo na mraba vilivyochongwa kwenye nguzo na kuta, ambamo zamani vilibandikwa bakuli na sahani za mbali. Vyombo vimeng'olewa na kuchukuliwa kimoja kimoja, mashimo yamebaki. Mlinzi wa magofu alinionyesha kwa kijiti upande wa bahari kulikokuwa na mafungu ya mchanga yaliyoikwamisha meli ya Vasco da Gama, São Rafael, mwezi Aprili 1498. Walirudi mwaka uliofuata, mabaharia wakiwa wamekufa wengi hata hawatoshi kuendesha meli zote, wakaichoma moto papo hapo.

Machui nako ni swali. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha miaka mingi, akaandika kuliko mwandishi yeyote wa wakati wake, akafa 1962 na kuzikwa hapa kwao. Nambari ya mwisho ya orodha inapatikana kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa kutoka mwaka wa kufa. Nilimtumia mpwa wangu: 53. Wazee wawili waliokuwa barazani waliuliza nahesabu nini, na nilipowaeleza mmoja akasema basi yeye amemzidi mshairi miaka thelathini na hajaandika hata barua.

Jibu kutoka kwa mwalimu lilikuja kabla sijapanda gari: "Sahihi, mjomba. Sasa natafuta walinzi wa makopo Magoma na Mazinde. Magoma mwenyekiti wa kijiji amekubali. Mazinde wanataka kwanza waje waone Hale inavyofanya." Kadi yangu ina vyumba ishirini na vitatu vitupu.